Mashine Tatu za Kubusti, na Mama Mkwe Kiti cha Mbele

Leo nimeaibika, jamani. Tena mbele ya mama mkwe.

Nina Hiace niliyoigeuza nyumba: ina kitanda, jiko na friji. Asubuhi nilikuwa nampeleka mama mkwe Bagamoyo. Yeye nikamweka kiti cha mbele kwa heshima, mke wangu akakaa nyuma kitandani. Tukapitia Kariakoo, mimi nikashuka kununua vitenge, nikamwachia mama redio na feni. Kurudi, nawasha gari: kimya! Betri imekwisha.

"Msijali," nikasema. "Nanunua mashine ya kubusti sasa hivi." (Mkwe wa mfano, huyo.)

Duka lililokuwa karibu ni la dada mmoja, Halima. Aisee, yule dada anajua kazi! Kabla sijamaliza salamu: "Petroli au dizeli? Injini saizi gani? Usiangalie ukubwa wa boksi, kaka. Hii ndogo inakutosha."

Kariakoo kitu cha umeme hujaribiwa kwanza, akanikabidhi nikaijaribu. Sasa, betri ya injini iko chini ya kiti cha mbele. Yaani chini ya mama mkwe. Nimwambie mama mkwe anyanyuke? Thubutu! Nikazunguka nyuma, nikabana nyaya kwenye betri ya pili, ile ya friji tu. (Betri si betri?)

Kimya. "Feki!" nikasema. Akaniletea kubwa zaidi. Kimya. "Feki!" Ya tatu, kimya vilevile. Watu wakaanza kujaa, nami nikapandisha sauti: "Mnatuuzia makopo!"

Halima hakugomba hata kidogo. Alichungulia nyuma, akachungulia mbele, kisha akasimama mlangoni kwa adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Samahani mama, naomba unyanyuke kidogo. Umekalia betri."

Watu wakaangua kicheko! Mama mkwe akashuka, naye anacheka. Halima akainua kiti, akabana ile ndogo aliyonichagulia mwanzo, akaniambia niwashe. Gari likanguruma mara moja. Wallahi nilimvulia kofia. Nikamwomba radhi mbele ya wote, nikainunua bila ubishi.

Mama mkwe akamshika Halima mkono: "Mwanangu, huna kaka ambaye hajaoa?"

Msinicheke, nawaomba. Mke wangu alikuwa ametoa kichwa dirishani, naye anasubiri jibu.