Mlima Ambao Haujazinduliwa

Wizara ya Mandhari, Matembezi na Mshangao ilitangaza, kupitia vipaza sauti vilivyofungwa juu ya gari jipya, kwamba utazamaji holela umefikia mwisho katika kisiwa chote. Uchunguzi ulikuwa umebaini jambo la aibu. Mlima wa volkano ulikuwa ukifuka moshi tangu enzi za mababu bila kuzinduliwa na kiongozi yeyote. Ziwa lililo kwenye kreta lilikuwa likimeremeta bila kibali. Maporomoko yalikuwa yakiporomoka tu. Na wageni walikuwa wakivitazama vitu hivyo kwa macho yao wenyewe, mchana kweupe, kana kwamba kisiwa hakina serikali.

"Kuanzia sasa," gari lilisema, likipita mtaa hadi mtaa, "hakuna kivutio kitakachotazamwa kabla ya kuzinduliwa rasmi na Mheshimiwa Waziri. Wananchi mnaoishi mkabala na mlima mnaombwa kufunga madirisha ya upande huo. Asanteni kwa ushirikiano."

Kazi ya kutekeleza agizo hilo alikabidhiwa binti aliyekuwa ametoka chuoni juzijuzi, ambaye mtaani kwao walimwita Bi Shahada, wengine kwa heshima, wengine kwa kumchokoza. Cheo chake kilikuwa Afisa Msaidizi wa Vivutio Visivyozinduliwa. Alikipenda. Alikuwa mmoja wa wale watu wachache wanaoamini kwamba ofisi ipo ili imfae mtu, na kwamba agizo likionekana la ajabu, basi yupo mahali fulani, ghorofa ya juu, aliyelifikiria vizuri kuliko wewe.

Alianza kazi kwa moyo mmoja. Alifunga utepe mwekundu kwenye mdomo wa pango la lava. Alifunika chemchemi ya maji moto kwa turubai. Mvuke ukalivimbisha turubai mpaka likawa kama tembo aliyelala, wageni wakaanza kulipiga picha, ikabidi nalo lifunikwe. Kando ya ziwa alisimamisha kibao: ZIWA HILI LITAONEKANA HIVI KARIBUNI. Mlima ulimshinda kwa unene, kwa hiyo utepe wake ulifungwa kwenye nguzo mbili mbele ya jukwaa la kutazamia, huko juu, na kikao kikaafiki kwamba mlima wote upo nyuma ya utepe.

Maporomoko ndiyo yaliyokuwa mabishi. Turubai walilotundika pale halikudumu hata muda wa kumaliza kikombe cha chai. Maji yalilibeba mzimamzima hadi baharini. Kurugenzi ya Uzinduzi ikakaa, ikatafakari, ikatoa mwongozo: kwa kuwa maporomoko yamekataa kufunikwa, watakaodhibitiwa ni watazamaji. Mgeni aliruhusiwa kufika hadi kwenye bwawa lililo chini ya maji, asikie mngurumo na alowe kwa rasharasha, ilimradi aende kinyumenyume na asigeuke. Kusikia hakukukatazwa, maana Idara ya Kusikia ilikuwa bado haijaundwa.

Sasa, aliyewaongoza wageni kwenye njia ya maporomoko alikuwa mjomba wake Bi Shahada, ndugu wa mama yake. Ndiye aliyemlea baada ya mama kufariki, na ndiye aliyemsomesha, kwa njia ileile: kila mgeni aliyepandishwa na kushushwa salama alikuwa ukurasa mmoja wa kitabu.

"Kwa hiyo, bosi wangu," mjomba alimwambia jioni ya kwanza, akikwangua tope kwenye viatu mlangoni, "niwapandishe watu kinyumenyume."

"Ni kwa muda tu, Mjomba. Mpaka Waziri aje."

"Anakuja lini?"

"Ratiba yake inashughulikiwa."

"Na nani?"

"Na wanaoshughulikia ratiba."

"Hapo sasa nimeelewa." Akagonga kiatu ukutani. "Hivi mwanangu, kule chuoni ulisoma nini hasa?"

"Jiografia, Mjomba. Si unajua."

"Wakakufundisha mlima unafunguliwaje?"

"Mjomba, bwana!"

"Nauliza tu. Usije ukafunguliwa vibaya ukabaki wazi, tukapigwa na upepo."

Bi Shahada alicheka, kisha akajilaumu kwa kucheka, maana alikuwa mtumishi wa umma.

Mambo yalikwenda hivyo kwa msimu mzima. Wageni walipanda njia ya maporomoko kwa mgongo, wakiwa wameshikana mashati, na mjomba akiwafuata uso kwa uso, akisema inua mguu, shusha mguu, kulia kuna mzizi. Wengi walikasirika. Wachache walisema ni jambo la kiroho. Kisha akaja bibi mmoja mzee sana, peke yake, aliyesafiri kutoka mbali kuyaona maporomoko ambayo marehemu mumewe alikuwa akimsimulia. Alipofika bwawani hakugomba. Aliketi juu ya jiwe jeusi, akiyapa maji mgongo, akauliza kwa adabu:

"Mwanangu, ni marefu?"

Mjomba alivumilia kadiri alivyoweza, ambayo haikuwa sana. Alitia mkono mfukoni, akatoa kioo chake cha kunyolea ndevu, akakiinua mbele ya uso wa bibi. Bibi hakugeuka hata kidogo. Alitazama kwenye kile kioo kidogo, akatabasamu, akabaki ametabasamu mpaka mkono wa mjomba ukaanza kutetemeka kwa kuchoka.

Habari ilifika wizarani kabla bibi hajafika hotelini.

Ofisi ya Mkurugenzi wa Uzinduzi ilikuwa na dirisha pana linaloelekea mlimani, na kwa uadilifu mkubwa alikuwa amelipaka rangi nyeupe. Alikuwa mtu mnene kiasi, mpole wa sauti, aliyependa kuweka kalamu zake sambamba.

"Huyu mwongozaji ni nani kwako?" aliuliza.

"Ni mjomba wangu, Mkurugenzi."

"Pole sana. Siku ya uzinduzi utamvua beji ya kazi mbele ya Waziri. Wewe mwenyewe. Itaonyesha kwamba ofisi hii haina upendeleo."

"Lakini yule bibi hakugeuka."

"Kioo kiligeuka kwa niaba yake. Huo ni utazamaji wa magendo."

"Na akishavuliwa beji, atakuwa nani?"

Mkurugenzi alifikiri. Hakuwa mtu katili. "Atakuwa mwananchi," alisema, kwa sauti ya kumliwaza.

Kuongoza wageni bila beji kulikuwa marufuku, na mjomba hakujua kazi nyingine, wala hakutaka kuijua. Bi Shahada alirudi nyumbani, akakaa jikoni na mkoba wake begani kama mtu anayesubiri kuitwa. Mwishowe akayasema yote. Mjomba alisikiliza huku akikoroga chungu.

"Wewe ndiye utakayenivua?"

"Ndiyo, Mjomba."

"Basi angalia pini yake, imelegea. Usije ukajichoma." Akafunika chungu. "Na usilie mbele ya wakubwa. Watakuundia kamati."

Bi Shahada akalia papo hapo, jikoni, mahali pasipo na mkubwa.

Siku ya uzinduzi ikafika. Itifaki ilitaka vivutio vifunguliwe kwa ukubwa: mlima kwanza, kisha ziwa, kisha maporomoko, na chemchemi mwisho kwa kuwa ni fupi. Msafara ukapanda barabara nyembamba ya mlimani, gari la Waziri mbele na mengine nyuma yake kwa kufuata vyeo, hadi kwenye jukwaa. Utepe ulikuwepo. Mkasi ulikuwepo, juu ya mto wa hariri. Mjomba naye alikuwepo, kwenye mstari wa watu wa kuadhibiwa, na kwa kuwa alikuwa peke yake, aliambiwa ajipange vizuri.

Waziri alikuwa kwenye sehemu ya hotuba inayoushukuru mlima kwa uvumilivu wake pale mlima ulipotoa mngurumo mrefu, wa kutoka tumboni.

"Nini hicho?" Waziri aliuliza.

"Si kitu, Mheshimiwa," Mkurugenzi alijibu. "Bado haujazinduliwa. Hauna mamlaka ya kulipuka."

Waziri aliridhika, akaendelea. Majivu yakaanza kushuka, membamba, kama unga unaochekechwa. Bendi iliombwa kuongeza sauti. Ndipo jiwe la ukubwa wa ngumi lilipotua juu ya bati la jukwaa, na itifaki nzima ikakimbilia magarini.

Hapo ndipo palipozuka suala la kitaalamu. Barabara ilikuwa ya gari moja, na magari yote yalikuwa yameelekea juu. Ili la Waziri lishuke, ilibidi yaliyo nyuma yatangulie. Lakini hakuna gari linaloruhusiwa kumtangulia Waziri. Dereva wa mwisho aliambiwa arudi nyuma, akakataa.

"Mimi niwe mbele ya Mheshimiwa? Mnanitakia mema nyie?"

"Rudi nyuma wewe, tunakufa huku!"

"Nipeni kwa maandishi!"

Mjomba alitoka kwenye mstari wake wa adhabu, akifuta majivu kwenye nyusi.

"Kuna njia ya miguu," alisema.

"Ipi?" Mkurugenzi aliuliza.

"Yangu."

Walimfuata. Waziri, Katibu Mkuu, Mkurugenzi, wakuu wa idara, Bi Shahada nyuma yao. Njia ilishuka katikati ya majani marefu yaliyoinama kwa uzito wa majivu, na walipokaribia maporomoko wakamkuta mlinzi wa wizara amesimama kwenye utepe uliokatiza njia, mweupe mwili mzima, hajasogea.

"Kuanzia hapa ni kinyumenyume, wazee wangu," alisema. "Mwongozo ndivyo unavyosema."

"Kijana, unamjua huyu ni nani?" Katibu Mkuu alifoka.

"Namjua vizuri sana. Ndiye aliyeutia saini."

Wakatazamana. Mkasi ulibaki juu ya jukwaa, na hata ungekuwepo, mlima ulikuwa bado haujafunguliwa, na maporomoko hayawezi kuutangulia. Mkurugenzi ndiye aliyekuwa wa kwanza kugeuka. Aliyepaka dirisha lake rangi hawezi kuyumbishwa na majivu. Wakapita chini ya utepe na kushuka hivyo, wameshikana mikia ya makoti, uongozi mzima wa wizara kwa mgongo, na mjomba akiwaelekea.

"Mguu wa kushoto, Mheshimiwa. Shusha. Kanyaga hapo. Hapana, hapo ni Katibu Mkuu."

Walipofika bwawani, macho ya wakubwa yalikuwa yamejaa majivu na hakuna kati yao aliyeona kitu, jambo ambalo Mkurugenzi alilipongeza. Alipovuta pumzi, aliikumbuka ratiba.

"Afisa," alimwita Bi Shahada, akipapasa hewani. "Lile la beji tulimalizie hapahapa. Tusiharibu siku."

Bi Shahada alisogea kwa mjomba wake. Alishika ile beji. Pini ilikuwa imelegea kweli. Mjomba akainamisha kifua kidogo ili amrahisishie, kama alivyokuwa akiinama zamani ili apandwe mgongoni.

Nyuma yao Waziri alikuwa hawezi tena kuvumilia macho yake kuwasha. Aliufuata ubaridi wa maji kwa mikono, akapiga magoti, akajimwagia uso mara kadhaa. Kisha akainua kichwa na kufumbua macho.

"Lo!" alisema.

Maji yalikuwa yakishuka kutoka juu kabisa, meupe kwenye mwamba mweusi, bila hotuba. Waziri alibaki amepiga magoti, mdomo wazi. Kwa muda hakuwa Waziri wa chochote.

Bi Shahada alimwona. Akaondoa mkono wake kwenye beji, na kwa heshima zote alizofundishwa, akauliza:

"Mkurugenzi, naomba mwongozo kabla sijamvua. Anayetazama kabla ya uzinduzi, anavuliwa cheo?"

"Bila kujali ni nani!" alisema Mkurugenzi, akijifuta macho kwa tai. Kisha tai ikafanya kazi yake, akaona Waziri anatazama wapi, akajifunika tena macho kwa tai ileile.

Waziri aliinuka polepole. Aliangalia juu kwenye maji, akaona ameangalia tena, akashtuka.

"Nani kasema haya hayajazinduliwa?" aliuliza.

Mkurugenzi aliinua kidole, akakishusha.

"Yalizinduliwa," alisema Waziri kwa uthabiti. "Zamani."

"Tangu lini, Mheshimiwa?" Bi Shahada aliuliza. Alitaka kujua kweli.

Waziri alimtazama Katibu Mkuu, Katibu Mkuu akamtazama Mkurugenzi, Mkurugenzi akatazama viatu vyake.

"Tangu yalipoanza kuanguka," mjomba alisaidia.

"Hasa!" alisema Waziri. "Tangu yalipoanza kuanguka. Pamoja na ziwa. Na mlima, na kila kilichopo. Vyote vilizinduliwa siku hiyo hiyo. Nashangaa wataalamu wangu hamna habari."

Kwa hiyo hapakuwa na kosa la kioo, wala la beji. Bi Shahada aliikaza ile pini, akajichoma kidole, akanyamaza kama alivyoagizwa. Pia hapakuwa na sababu tena ya kuwepo Kurugenzi ya Uzinduzi, na Mkurugenzi, ambaye alilitambua hilo kabla ya wengine, aliketi juu ya jiwe.

Chini kidogo ya bwawa palikuwa na kundi la wageni waliokuwa wamesimama kwa utii, migongo kwenye maji, tangu asubuhi. Mlinzi, aliyekuwa amewafuata wakubwa hadi bwawani, aliwapigia kelele kwamba wanaweza kugeuka. Wakageuka. Lakini uongozi wa wizara ulikuwa tayari unaendelea na safari kwa mtindo ulioshauzoea, maana hakuna aliyekuwa ametoa agizo la kuusitisha: watu wazima wenye makoti na tai, wa kijivu kuanzia utosini hadi kwenye soksi, wakishuka mlima kwa mgongo na kushikana mikia. Wageni waliwapisha. Kisha kamera zote zikaelekea upande mmoja, na upande wenyewe haukuwa wa maporomoko.

Mlima ulikohoa tena mara mbili, ukatulia. Hakuna aliyeumia. Njia ikajaa wageni kuliko wakati wowote, wakipanda kwa kutazama mbele, na mjomba akapata kazi ya kumtosha yeye na wengine wawili aliowapa beji.

Ila kila siku, wakishamaliza kuyatazama maporomoko, hakosekani mgeni wa kumvuta mjomba pembeni na kumwonyesha picha.

"Na hawa je? Hawa wa kijivu wanaoshuka kinyumenyume? Ndio hasa tuliowafuata. Wanaonekana saa ngapi?"

Mjomba huitazama picha kwa makini, kisha hutikisa kichwa kwa masikitiko.

"Hao," husema, "bado hawajazinduliwa."