Mbwa Wangu Ametulia Mno

Kwa Bwana Ludovico Barragán,
Mwalimu wa Mbwa, Caballito, Buenos Aires.

Mheshimiwa Mwalimu,

Natumaini u mzima, ingawa sioni haki ya wewe kuwa mzima ilhali mimi umeniharibia maisha. Nilikuletea mbwa wangu Tarugo umfundishe kutembea na kamba bila fujo. Amefuzu. Sasa anatembea ubavuni mwangu kama padri kwenye maandamano. Kwa hiyo nalalamika hivi:

1. Zamani Tarugo alinikokota mpaka ndani ya duka la mikate. Bi Ofelia mwokaji akipiga kelele, "We Herminia, leo nani anamtembeza mwenzake?" Tulicheka, nikapewa habari za mtaa mzima. Siku hizi tunapita kimya, ananipungia mkono tu. Sijui hata nani kaachwa na mumewe.

2. Hili ndilo linaloniuma. Alikuwa akiniburuta hadi bustanini, kwenye benchi la Bwana Anselmo, jirani yangu aliyefiwa na mkewe, na kuiangusha chupa yake ya chai. Ilinibidi niombe radhi, na radhi ya kweli huombwa umekaa. Basi Bwana Anselmo alinijazia kibuyu cha yerba, chai yetu chungu ya majani, nikanyonya kwa mrija, nikamrudishia, akajaza tena. Sikusema asante hata siku moja, maana kwetu ukishasema asante hupewi tena. "Kaa bwana, Bi Herminia," akiniambia, "mbwa mwenyewe kashaamua." Sasa mbwa haamui kitu! Nami, mwalimu mstaafu wa hesabu, nitaendaje kwenye benchi la mwanamume bila kuburutwa?

3. Nina upweke, Mwalimu.

Naomba kwa unyenyekevu uje umfundishe upya kuvuta. Ukikataa nitakushtaki kwa kamati ya jengo, kisha mahakamani, kisha kwa mama yako, ambaye namfahamu vizuri.

Nisalimie mkeo, watoto, na mbwa wote ambao bado hujawagusa.

Wako katika majonzi,
Herminia Quiroga

N.B. Nilipotoka kuipeleka barua hii posta, Bwana Anselmo alikuwa bustanini. Kamba ikakaza ghafla. Tarugo akaketi chini, akagoma kusogea, akinitazama kwa aibu. Aliyekuwa akivuta ni mimi. "Mwachie kamba huyo, njoo!" akaniita Bwana Anselmo, kibuyu mkononi. Nimeenda. Mbwa mwache alivyo, Mwalimu, na mimi usithubutu kunifundisha.