Watu wa Musoma Waache Kuangalia Status Yangu

Ndugu Mhariri,

Salamu kutoka Buhare. Mimi ni fundi cherehani, mtu wa siri sana, na ninaandika kuwalalamikia wasomaji wako.

1. Mwezi uliopita mke wangu, Adventina, aliniambia ana mimba. Mbili za mwanzo ziliharibika, kwa hiyo alinishika mkono akasema, "Faustine, safari hii tunyamaze kwanza. Hata mama asijue." Nikakubali. Sikufungua mdomo hata kidogo. Niliweka tu picha ya kadi yake ya kliniki kwenye status, na maneno "Mungu ni mwema". Watu 214 wakaiangalia bila kuniomba ruhusa.

2. Kesho yake mama mkwe, Mama Skolastika wa Butiama, akapongezwa sokoni na muuza sato. Akampigia mwanawe akilia: iweje muuza samaki ajue kabla yake? Adventina akaniuliza nani amesema. Nikamjibu kwamba manesi huwaga na midomo sana. Nikaenda kliniki kuwafokea mbele ya foleni nzima. Nesi Boke hakubishana. Alitoa simu yake, akaikuza ile picha pembeni. "Baba, hiki kidole gumba kilichoshika kadi si chako?" Kilikuwa changu, na kidonda chake cha sindano.

3. Jioni hiyo mke wangu akafunga nguo zake akaenda kwa mama yake. Hakunitukana, angenitukana ningepata nafuu. Kwa majuto nikamwomba msamaha Facebook, nikaeleza yote, hata zile mbili za mwanzo ambazo hatukuwahi kumwambia mtu. Watu sitini wakanipa pole. Binamu yangu Evance wa Guta akapendekeza jina la mtoto. Adventina akazima simu.

Kwa hiyo naomba serikali iwafundishe wananchi kufumba macho ninapoposti. Mimi peke yangu nitajilinda vipi na simu ninayoishika mwenyewe?

Nisalimie wote hapo ofisini, na anayepanga kurasa pia.

Wako katika kutunza siri,
Faustine Ryoba

N.B. Adventina amepiga mchana huu. Mimba iko salama, na Jumamosi anarudi nyumbani kwa sharti moja: nisimwambie mtu yeyote. Tafadhali itoe habari hii ukurasa wa kwanza, watu wafurahi nasi. Picha nimeambatisha.