Madume Matupu

Mjini walimwita Suti kwa sababu alikuwa nayo moja, na aliivaa hata akienda kuteka maji. Kazi hakuwa nayo. Alikuwa na mdomo tu, na mdomo huo ulimlisha vizuri kuliko nyundo inavyomlisha fundi.

Asubuhi moja alikuwa amekaa kwenye benchi la zahanati. Hakuwa anaumwa, alifuata feni. Muuguzi alikuwa akiwaeleza wagonjwa habari za bakteria. Ni viumbe vidogo mno, alisema, macho matupu hayavioni. Bakteria wengine huingia mdomoni kwa mikono michafu, wakamharisha mtu mpaka akakauka. Wengine wanaishi tumboni kwa amani na wanatusaidia kusaga chakula. Ukimeza ovyo dawa za kuua bakteria, unawaua wabaya na wema pamoja.

Wagonjwa walisikia somo la afya. Suti alisikia bidhaa isiyoonekana. Tapeli gani hajaota kuuza kitu ambacho mnunuzi hawezi kukiona?

Mchana alinunua mtindi dukani, akauongezea maji, akaujaza kwenye vichupa kumi na kubandika karatasi: BAKTERIA WEMA. Kisha akaenda kwa Karani Mstaafu, mtu aliyegonga mihuri kwenye karatasi za wenzake miaka thelathini akadhani hiyo ndiyo elimu. Mkewe aliuza maziwa. Pikipiki iliyobeba madumu yake kila asubuhi ilisimama uani, na bila pikipiki hiyo nyumba nzima ingelala njaa, Karani na tumbo lake wakiwa wa kwanza. Lakini kadi ya umiliki ilikuwa na jina la mume.

"Shikamoo mzee wangu. Tumbo vipi?"

"Marahaba. Limejaa gesi."

"Hiyo si gesi, mzee. Huo ni msiba. Bakteria wako wema wamekufa wote, na hawana hata wa kuwazika."

Karani akalishika tumbo kwa huzuni ya mfiwa.

Suti akamwonyesha vichupa, akamweleza kwamba wakala wa kampuni wa kuviuza mtaa mzima atakuwa mmoja tu. Bei ya uwakala ni ile pikipiki. Karani akakunja jicho.

"Nikishakuwa navyo hivi vichupa, siwezi kuwafuga hao bakteria mwenyewe wakazaliana?"

Hajanunua bado, na tayari anataka kumwibia muuzaji!

"Kumbe mzee una akili! Kampuni ililiona hilo. Hawa ni madume matupu."

"Madume?"

"Matupu. Jike hata mmoja hamna humo. Tumewachambua."

Mke, aliyekuwa akisuuza madumu, alikuja akijifuta mikono.

"Mmewachambuaje, mwanangu, na hawaonekani?"

"Kwa mashine, mama."

"Na wakizaa?"

Suti akacheka. "Wakizaa hata kitoto kimoja, pikipiki nairudisha mwenyewe, naisukuma mbele za watu!"

"Andika hayo," mke akamwambia mumewe.

Karani hakuwahi kukataa kuandika. Akaandika, akagonga mhuri wa ofisi ambao alipaswa kuurudisha siku ya kustaafu. Suti akatia saini yenye mikia mitatu, akapanda pikipiki, akaondoka.

Karani alijikunyata akisubiri matusi. Hayakuja. Mke alichemsha maziwa, akayaacha yapoe mpaka kidole kikavumilia, akatia kijiko kimoja kutoka kwenye kichupa, akafunika.

Kesho yake walimkuta Suti mahali pa kuoshea magari, pikipiki imejaa povu. Karani alibeba sufuria kwa mikono miwili kama kichanga.

"Hongera, mwanangu," mke alisema. "Madume yako yamejifungua."

Akaiinamisha sufuria. Mtindi ulikuwa mzito, haukumwagika.

"Jana kijiko, leo sufuria. Na kila kijiko cha humu kitazaa sufuria nyingine."

Waosha magari wakaacha sponji. Suti akacheka kikavu. "Mama, huo si mtindi tu? Hata kwenye vichupa ni mti..."

Akajing'ata ulimi. Askari aliyekuwa akisubiri gari lake alikunja gazeti polepole.

"Malizia, bwana mkubwa. Kwenye vichupa kuna nini?"

Akisema mtindi, ni tapeli. Akisema bakteria, basi wamezaa. Mtu aliyeishi kwa mdomo aliufuta kwa mkono wa suti.

"Bakteria, afande," alisema. "Halisi."

"Madume?"

"Miaka ishirini nagandisha maziwa," mke akadakia, "sijawahi kuona harusi ndani ya sufuria. Hawa hawaoani, afande. Mmoja anajigawa wanakuwa wawili, wawili wanakuwa wanne. Huyu anauza mali asiyoijua."

Akaikunjua ile karatasi ya ahadi. Askari akaisoma kwa sauti, pamoja na mhuri.

Suti akaanza kusukuma, suti imelowa povu mpaka kwenye viwiko, watoto na watu wazima wakimsindikiza kwa miluzi. Kwenye mwinuko pikipiki ikamshinda, akasimama akihema. Karani akamsogelea, akamnong'oneza:

"Sasa, ule uwakala wangu... bado upo?"

Mke akampokonya sufuria.

"Wewe shika nyuma huko," akasema. "Sukuma."