Nguzo Nne za Babu Gervasi

Jumatatu, 3 Machi 1997
Nina hasira tangu asubuhi. Mwanamke mwenye kapu ameniuliza kwa Nyabenda ni wapi. Nilikuwa nimeegemea nguzo yangu mwenyewe! Jengo hili lenye nguzo nne alilijenga marehemu baba. Nyabenda ni mpangaji tu. Alikimbia Burundi mwaka sabini na mbili, sasa anauza chumvi na sabuni kwa jumla, na Ujiji nzima inaliita jengo langu kwa jina lake.

Jumanne, 4 Machi
Amekuja Bwana Isaka, afisa utamaduni, mtu wa Iringa. Anaandika historia ya maduka ya jumla na majengo yake. Jengo litakalompendeza litawekewa kibao chenye jina la mwanzilishi. Nyabenda akamkaribisha chai, kwenye baraza yangu. Nikawahi kusema historia ninayo yote kwa maandishi. Sina hata mstari. Nitaandika.

Jumatano, 5 Machi
Kurasa sita. Ukweli ni kwamba Babu Gervasi, aliyemzaa baba, alibeba magunia stesheni. Nani atamwekea mpagazi kibao? Nimemfanya tajiri wa chumvi aliyetoka Burundi mwaka 1919 na wapagazi arobaini. Tajiri wa kutoka mbali huheshimiwa zaidi. Mke wangu Erica akauliza babu alifika Burundi lini. Nikamjibu historia si mambo ya jikoni. Nimekula dagaa bila ugali.

Ijumaa, 7 Machi
Bwana Isaka kafurahi. Kabandika kurasa zangu kwenye ubao wa ofisi ya kata ili wazee wazisome. Lakini anasema kibao kitamtaja na Nyabenda, maana ndiye anayeendesha duka. Nikaona giza. Nikaenda moja kwa moja kwa Bwana Edson, mtendaji wa kata, nikamnong'oneza kwamba kuna Mrundi anakaa mjini wakati wenzake wanapelekwa kambi ya wakimbizi. Nimerudi nikipiga mluzi.

Jumatatu, 10 Machi
Siku ya laana. Edson alikuja na mgambo wawili. Nyabenda akatoa cheti cha uraia kwenye mfuko wa nailoni, wakakisoma, wakamrudishia. Kisha wakanigeukia mimi.

"Mzee Bonaventura," Edson akasema, "umeandika kwa mkono wako kwamba ukoo wenu umetoka Burundi. Karatasi zako ziko wapi?"

Nikasema niliyoandika ni uongo. Akasema nimeutia sahihi. Nimekaa kwenye benchi la kata hadi alasiri, pembeni ya mama wa Kirundi aliyepakata mtoto, anasubiri gari la kambini. Akanisalimia, "Amahoro." Nikaitikia. Edson akaliandika hilo pia. Yule mama akaniuliza kwa upole ninatoka kilima gani kule kwetu Burundi.

Aliyenitoa ni Nyabenda. Alikuja na shangazi yangu Clementina, akasimama mbele ya watu wote.

"Huyu ni Muha wa hapa hapa. Babu yake alibeba magunia stesheni. Mimi namdhamini."

Mimi, kudhaminiwa na mpangaji wangu! Kabla hatujaondoka akampa yule mama mche wa sabuni na chumvi. Mimi nilitazama ukutani. Njiani akaniuliza kama namjua aliyemchongea. Nikasema watu wabaya ni wengi. Akanitazama muda mrefu, akasema kweli, ni wengi.

Alhamisi, 13 Machi
Kibao kimepigiliwa. *Gervasi, mpagazi. Mwanawe alijenga. Nyabenda anaendeleza.* Bwana Isaka anasema mpagazi ambaye mwanawe alijenga duka la jumla ni historia nzuri kuliko zote alizosikia Ujiji, na kwamba ilinipasa kumwambia tangu siku ya kwanza. Watu wanakuja kusoma, wananipa mkono wa pongezi. Nimekasirika mpaka kichwa kinauma. Aibu ya ukoo, kwa rangi nyeupe!

Jumamosi, 15 Machi
Wiki ijayo Bwana Isaka anahamia Kibirizi, kuandika habari za maghala ya dagaa. Safari hii sikosei. Bibi mzaa mama aliwahi kuuza dagaa kwa mafungu pale pale mwaloni, kwenye soko la ufukweni. Nimeshaanza ukurasa wa kwanza: alikuwa na maghala matatu na maboti kumi, naye alivuka ziwa na mpaka kutoka Kalemie.