Sifuri ya Masjala

Jumatatu, 4 Machi
Mkufunzi wa mazingira ameingia halmashauri na mizani kwapani. Mizani! Ametumwa kutujengea uwezo wa kupunguza taka. Atapima kikapu cha kila idara leo alasiri, na tena Ijumaa. Mshindi atakuwa Msimamizi wa Mazingira, na atapewa chumba chenye mlango. Miaka kumi na moja naendesha masjala kwenye korido, kila apitaye anachungulia ninachoandika. Chumba hicho changu.

Ila Mama Manunuzi alitabasamu. Huyu hatabasamu bure.

Kabla ya alasiri taka zangu zote nikazitia mkobani. Kipimo: sifuri! Mama Manunuzi: kilo sita. Wala haya hana.

Jumanne, 5 Machi
Mama Manunuzi kaniuliza kwa upole kama nina karatasi za kutupa. Za nini? Anapeleleza. Nikiondoka, atanijazia kikapu. Nimekifungia kabatini, kufuli mbili, na mafunzo sikwenda, nikabaki kulinda.

Mke wangu anauliza maganda ya ndizi ya ofisini yanatafuta nini jikoni kwake. Nikamwambia mvumilivu hula mbivu. Akasema haya yameshapita kuiva.

Alhamisi, 7 Machi
Nimemkamata! Mama Manunuzi anaandika nyuma ya karatasi zilizokwisha kutumika. Dereva anasema ndivyo walivyofundishwa juzi. Chupa tupu eti kawagawia wafagizi. Kama si hongo ni nini?

Ijumaa, 8 Machi
Kikapu changu: sifuri. Nikasimama kabisa kupokea makofi. Mkufunzi akaniomba nikae. Kumbe kipimo cha Jumatatu kilikuwa cha kuanzia, na mshindi ni aliyepunguza zaidi! Mama Manunuzi, kutoka sita hadi moja. Mimi, kutoka sifuri hadi sifuri. Mkurugenzi akauliza kama masjala huwa inafanya kazi yoyote. Watu wakacheka. Imeniuma, sitaficha.

Mama Manunuzi akaniambia pole, kaka yangu, eti Jumanne alitaka tuzitumie pamoja zile karatasi. Kikulacho ki nguoni mwako!

Jumamosi, 9 Machi
Bado kuna nafasi ya Msimamizi wa Umeme. Mkufunzi atasoma mita ya kila idara Jumatatu asubuhi, kisha Ijumaa. Leo mlinzi kanifungulia ofisi, nimechomoa balbu zote za masjala, nikazileta nyumbani. Mke wangu anauliza balbu tisa za nini. Nimemwambia anyamaze, safari hii tumewawahi.