Sifa Zimekwisha, Kwaya Bado

Jumatano, 6 Agosti 1986

Mwalimu Mativo amelazwa hospitali. Mguu. Nimemwonea huruma kwa moyo wangu wote, kisha nikakimbia kwa Mama Teresiah, mwenyekiti wa kamati ya kwaya, kabla mtu mwingine hajafika.

Niandike sababu, nisije nikasoma baadaye nikajiona mwendawazimu. Kila Agosti kwaya za makanisa ya mitaa yetu hushindana katika ukumbi hapa Jericho. Tangu nije Nairobi, mwamuzi ni Mwalimu Mativo. Hukaa mbele peke yake, meza ina kitambaa, soda iko mkononi mwake. Kwaya ikimaliza, anasimama na kuichambua kwa Kiingereza. Kwanza husifu. Halafu husema "however", yaani lakini, na ukumbi mzima unanyamaza, maana hata nyanya asiyejua Kiingereza anajua kwamba baada ya neno hilo kinachofuata ni kisu. Wanaume wazima wa sauti ya besi wameonekana wakilia. Na kwa miaka yote hiyo Mwalimu hajawahi kuzipa kwaya mbili neno moja. Kuna watu huja kumsikiliza yeye tu.

Na katika kwaya ya Kaloleni kuna Phelister. Ni mwalimu wa nasari. Akicheka hufunika mdomo. Nampenda tangu Pasaka. Yeye huniita ndugu, kama anavyomwita kila mtu, hata fundi wa viatu. Lakini akinisikia nikiisifu kwaya yake kwa Kiingereza kizito mbele ya mitaa yote, huo undugu utakwisha.

Mama Teresiah aliuliza kama najua muziki. Nikamwambia mwamuzi hahitaji muziki, anahitaji maneno. Akasema sawa, kwa sababu hana mtu mwingine.

Ijumaa, 8 Agosti

Maneno sina! Nina "good" na "bad", ambayo hata watoto wa nasari ya Phelister wanayo. Katika stoo ya reli ninakofanya kazi hatuchambui vitu kwa Kiingereza. Spana ikivunjika tunaitupa.

Jioni nikapata wokovu. Thuo wa bucha alinifungia nyama katika gazeti la Kiingereza. Nikafungua nyumbani, na hapo chini ya damu mtu alikuwa anachambua filamu. Anasema muziki wake ni "superb". Mwisho wake ni "feeble". Nikashika kamusi. La kwanza ni bora kabisa, la pili ni dhaifu, halina nguvu. Nikayakariri huku nyama ikiungua. Tatizo ni kwamba Thuo alikata ukurasa katikati, pale pale mwandishi alipokuwa anaanza kukasirika.

Jumatatu, 11 Agosti

Nyama nimeikinai. Leo nilimwambia Thuo anipe mifupa mitupu akitaka, bora aifunge katika ukurasa wa filamu. Akasema yeye anauza nyama, si elimu. Kisha akafikiri. Akasema kurasa zote atanitafutia, ila mama yake anaimba kwaya ya Bahati na ana presha, hafai kusikia neno baya. Nikaahidi.

Sasa nina "superb", "impeccable", kisicho na dosari, na "exquisite", kizuri cha kipekee. Na nina lile kubwa, "breathtaking", kitu kizuri mpaka pumzi inakatika. Hilo ni la Phelister. Atakayeligusa tutakosana.

Ya kukosoa yamejaa kupita kiasi. Huyu mwandishi hapendi kitu duniani. "Tedious", kinachochosha. "Mediocre", cha katikati, wala si kibaya wala si kizuri. Nimeyajaribu mtaani. Nimeuambia mfereji wa maji kwamba ni tedious. Nimemwambia Gichuru kwamba redio yake mpya ni mediocre. Gichuru ni jirani yangu, mtu wa posta, anaongoza kwaya ya Makadara, na nimemwona mara nyingi akimsaidia Phelister kubeba mkoba ambao si mzito. Akauliza neno hilo lina maana gani. Nikamweleza. Akasema basi redio na mimi ni mtu na ndugu yake.

Alhamisi, 14 Agosti

Balaa la koti. Mwamuzi hawezi kusimama na sweta, na katika ploti yetu koti linalonienea ni moja tu, la huyo huyo Gichuru. Nilikwenda nimejiandaa kudharauliwa. Akanipa koti limepigwa pasi, na tai juu yake. Akasema tu kwamba atakaa safu ya mbele asikie koti lake litasema nini kuhusu Makadara. Nimemwelewa.

Niliporudi, Mama Teresiah alikuwa mlangoni na chapati na ndengu. Yeye ni wa kwaya ya Jericho. Akasema nile tu, chapati si za kutafuta upendeleo. Zilikuwa laini, tabaka kwa tabaka. Nimekula zote na upendeleo wake.

Basi mambo yamepangika. Bahati "superb", Makadara "impeccable", Jericho "exquisite". Kaloleni wamepata zamu ya mwisho, na neno lao linawasubiri. Nimejitazama kwenye kioo nikiwa na koti. Sijui kwa nini sikuanza kazi hii mapema.

Jumapili, 17 Agosti

Sina hamu ya chakula. Naandika tu.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Bahati wakaimba. Nikasimama, nikasema "superb", mama yake Thuo akanipungia kitambaa. Nikasema "however", ukumbi ukanyamaza, nikamwona yule mama ameshika kifua. Nikakaa. Makadara wakafuata. Wenye besi walimaliza wimbo kabla ya wengine na wakawangoja. "Impeccable", nikasema, na koti likanibana kwa aibu. Jericho waliimba vizuri kidogo kuliko chapati mbovu. "Exquisite."

Kisha Mama Teresiah akatangaza kwaya ambayo haikuwa kwenye mpango wangu. Kayole. Ule mtaa mpya! Walikuja kwa miguu, matope mpaka magotini, wanawake tupu, wengi wao wazee. Walianza juu sana wakaishia kunong'ona. Mmoja alisahau maneno akacheka, na wenzake wakacheka. Walipomaliza, mama mmoja mwembamba wa mbele, mwenye kilemba cha kijani, alinikazia macho kama mtoto aliyeonyesha daftari lake. Nilikuwa nimewawekea "feeble". Naapa nilikuwa nimewawekea "feeble". Mdomo ukafunguka, ikatoka "breathtaking".

Yule mama akaketi chini palepale jukwaani kwa furaha.

Halafu Kaloleni. Sitaki hata kueleza. Walianza taratibu, Phelister akaingia na ile sauti ya pili, na mimi nisiyejua muziki nikajua. Nililia. Nilipangusa machozi kwa mkono wa koti la Gichuru, nikalia tena. Wakamaliza. Nikasimama. Nikatafuta neno.

Hakuna!

Kurudia siwezi, Mwalimu hakurudia kamwe, na watu wanahesabu. "Good" siwezi, baada ya wale wa Kayole "good" ni tusi. Gichuru akakohoa. Mdomo wangu ukachukua kilichobaki. "Mediocre," nikasema. Nikaingiwa na hofu, nikaongeza "tedious". Nikaona mabega ya Phelister yameshuka. Kisha nikasema "however" kwa sauti kubwa, nikitumaini kwamba upande wa pili wa neno hilo safari hii kuna sifa. Hakukuwa na kitu. Nikakaa.

Lakini alama nilizowapa ndizo zilizokuwa za juu kabisa. Mama Teresiah aliposoma kwamba Kaloleni ndio washindi, ukumbi uliguna. Phelister alipokea kikombe, akaja mpaka mezani, akakiweka mbele yangu. Akasema hawachukui kikombe cha kuhurumiwa. Halafu akaniita ndugu. Afadhali angenipiga nacho.

Kikombe kiko hapa, karibu na jiko. Nimempoteza.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimerudisha koti. Nilijua Gichuru atacheka. Hakucheka. Alitazama ule mkono wenye chumvi ya machozi, akanimiminia chai. Akasema neno "mediocre" nilimfundisha mwenyewe, kwa hiyo jana aliitafsiria safu nzima ya mbele. Nikataka kuondoka. Akanikalisha. Akasema yeye pia anampenda Phelister, ila hajawahi kulia ukumbini kwa ajili ya mtu, na kwamba nikichelewa kukipeleka kile kikombe ataghairi na kukipeleka yeye.

Nilimkuta Phelister nasari, anamfunga mtoto kamba za viatu. Nikamweleza yote bila kupumua. Bucha, filamu, presha ya mama yake Thuo, chapati. Nikamwambia maneno yaliniishia kabla hajaimba. Nikamwambia jinsi walivyoimba nimelia mpaka nimelowesha koti la watu, na kwamba nampenda, na kwamba ninampenda hata akinyamaza. Nikampa kikombe.

Alifunika mdomo. Akauliza kwa nini sikusema hayo jana. Nikamwambia kwa sababu ni Kiswahili. Hapo akacheka mpaka watoto nao wakacheka bila kujua sababu.

Kumbe yule mama mwenye kilemba cha kijani ni shangazi yake, Perez, aliyemlea! Tangu jana anawauliza majirani wote wa Kayole maana ya neno alilopewa. Amesema mwamuzi huyo lazima ale kwake Jumapili. Phelister akasema nije, lakini nije na mdomo wangu, ule wa gazeti niuache Jericho. Niseme ninachohisi kama nilivyosema leo. Nikaapa mbele ya watoto. Aliniita Zedekiah. Nimetembea mpaka nyumbani nikilirudia jina langu.

Ijumaa, 22 Agosti

Kesho kutwa ni Kayole. Nimeshika kiapo. Kiswahili tupu, cha moyoni. Nimemwambia Gichuru, akafurahi, akanipa tena koti. Kalifua.

Ila mgeni haendi mikono mitupu. Jioni nikapitia kwa Thuo kumnunulia shangazi nyama. Akanifungia vizuri, akasema filamu zimekwisha, amebakiwa na kurasa za nyuma. Nikamwambia haidhuru, siku hizi sihitaji.

Nimefungua kuangalia tu kama nyama ina mafuta. Jamani. Ukurasa mzima ni sifa! Picha za watu wanaotabasamu, wamevaa vizuri, na chini ya kila mmoja ni sifa juu ya sifa. "Beloved." "Humble." "Forever in our hearts", milele mioyoni mwetu. Hakuna "however" hata moja. Nimetafuta kona zote, hakuna aliyekosolewa. Na kuna moja lililonisisimua mwili: "promoted to glory". Kupandishwa cheo hadi utukufuni! Stoo ya reli nzima hakuna aliyewahi kupandishwa hivyo.

Ni kweli, watu wa ukurasa huu wote wamefariki. Nimeona. Lakini sifa ni sifa, na kiapo nitakitimiza, maana haya ndiyo hasa ninayohisi.

Nimeshayakariri. Jumapili tukimaliza kula nitasimama, nifunge vifungo vya koti, nimtazame shangazi Perez machoni mbele ya familia yote, nimwambie kwamba kuanzia leo amekuwa promoted to glory. Kiingereza hakijui, lakini si kitu. Phelister atamtafsiria.